Kwa Kibodi na kwa Sikio: Namna ya Kuitambua Tovuti Inayofikiwa na Wote

Mkaguzi mzoefu hahitaji kufungua msimbo wa tovuti ili ajue kama ilijengwa na fundi au kazi ililipuliwa. Anafungua ukurasa, anaweka mausi kando, kisha anabonyeza Tab mara moja. Kwenye tovuti iliyojengwa kwa uangalifu, kiungo kidogo kilichokuwa kimefichwa kinajitokeza juu kabisa ya ukurasa, kikiwa na maneno kama "Ruka hadi yaliyomo". Akibonyeza Enter, anavushwa menyu nzima na kutua kwenye habari yenyewe. Akiendelea na Tab, fremu inayoonekana vizuri inazunguka kiungo kimoja baada ya kingine, kwa mfuatano uleule ambao jicho linasoma. Kwenye tovuti iliyolipuliwa, Tab ya kwanza haionyeshi kitu. Ya pili vilevile. Anabonyeza na kubonyeza, hajui alipo; mara anashtukia yuko chini kabisa ya ukurasa, au amenasa ndani ya kidirisha cha matangazo kinachokataa kufungwa kwa Esc.

Sababu yake mara nyingi ni ndogo mno. Kila kivinjari huchora fremu hiyo chenyewe bila kuombwa. Ila msanifu aliiona inachafua sura ya menyu, akaandika mstari mmoja wa CSS wa kuifuta, wala hakuweka nyingine badala yake. Mstari huo mmoja unamfungia nje mtu ambaye mikono yake inatetemeka, aliyepooza upande mmoja, au anayebonyeza vitufe kwa kijiti alichokishika mdomoni. Asiyeona naye hutembea kwa kibodi, kwa kuwa kishale cha mausi hakimsaidii kitu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya kila sita, wanaishi na ulemavu wa kiwango kikubwa. Hao ni wasomaji, wateja, wapiga kura na walipa kodi.

Vipimo vya kazi hii vipo na vinajulikana. W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti, kilianzisha mpango wake wa ufikivu mwaka 1997 na kutoa mwongozo wa kwanza, WCAG 1.0, mwaka 1999. Toleo la 2.0 lilifuata mwaka 2008, la 2.1 mwaka 2018, na la 2.2 Oktoba 2023. Kila sharti lina daraja lake, A, AA au AAA, na mteja anayejua anachonunua hudai AA.

Anayedhani haya ni mambo ya hiari akumbuke Sydney. Mwaka 1999 Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, alilalamika kwamba hawezi kuisoma tovuti ya Michezo ya Olimpiki ya 2000: picha hazikuwa na maelezo, na majedwali ya matokeo hayakueleweka kwa kifaa chake. Waandaaji walijitetea kuwa marekebisho yangegharimu zaidi ya dola milioni 2 za Australia. Tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo haikukubali utetezi huo, na mwishowe waandaaji wakatozwa dola 20,000. Sehemu ya kilichokuwa kinadaiwa ilikuwa sentensi fupi za kueleza picha.

Tangu wakati huo namna ya kujenga tovuti imebadilika. Leo WordPress peke yake inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, na nyuma yake wapo Drupal, Joomla na mifumo mingine ya kusimamia maudhui. Fundi hujenga kiunzi, huchagua mandhari, hukabidhi nywila na kuondoka. Kuanzia siku hiyo wajenzi ni ofisa habari, karani wa shule, katibu wa chama cha ushirika, na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliyeripoti kazini juzi. Kwa hiyo anayepima tovuti ya aina hii asiishie kwenye ukurasa wa mwanzo, ambao uling'arishwa kwa ajili ya siku ya makabidhiano. Afungue habari iliyowekwa miezi kadhaa baadaye, Ijumaa jioni, na mtu mwenye haraka. Ubora wa mfumo unaonekana pale: je, ulimsaidia mtu huyo kufanya sahihi, au ulimwacha akosee kimyakimya?

Ukaguzi wa habari hiyo ni kazi ya sikio. NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, inapatikana bure kwa kompyuta za Windows. Simu nyingi za Android huja na TalkBack, na za Apple huja na VoiceOver. Ndani ya NVDA, herufi H humrusha msikilizaji kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kinachofuata, na tarakimu 1 hadi 6 humpeleka kwenye kichwa cha ngazi anayoitaka. Hivyo ndivyo asiyeona anavyopekua ukurasa. Habari ndefu kuhusu bajeti ya maji, yenye vichwa vidogo sita vya ngazi ya pili, inapekuliwa kwa mibonyezo sita. Habari hiyohiyo, ambayo mwandishi aliyakoleza na kuyakuza maneno tu ili yafanane na vichwa, inasikika kuwa mfululizo mmoja usio na pa kuingilia. Kwa macho, kurasa hizo mbili ni pacha. Kwa herufi H, ya kwanza inafunguka na ya pili inajibiwa kuwa hakuna kichwa kinachofuata.

Mjuzi huangalia pia ngazi zenyewe. Kichwa kikuu cha H1 kiwe kimoja, sehemu zake ziwe H2, na vifungu vya ndani H3, bila kuruka. Akikuta H4 imewekwa moja kwa moja chini ya H1, asikimbilie kumlaumu mhariri. Mara nyingi mhariri alichagua H4 kwa sababu H2 ya mandhari ile ni kubwa kupindukia na inavunja kichwa kwenye mistari minne ya simu. Aliyeharibu ni msanifu wa mandhari.

Kwa tovuti za Kiswahili kuna kasoro moja ambayo wakaguzi wengi wa kigeni hawaioni, na inastahili kupewa uzito wake. Kila ukurasa hubeba, mwanzoni mwa msimbo wake, tamko la lugha: herufi mbili, sw kwa Kiswahili, en kwa Kiingereza. Kwenye WordPress tamko hilo hutokana na lugha iliyochaguliwa katika mipangilio ya jumla. Fundi anaposimika mfumo kwa Kiingereza cha Marekani kisha asibadilishe kitu, kila ukurasa utatangaza kuwa ni wa Kiingereza, hata kama tovuti nzima imeandikwa Kiswahili fasaha. Msomaji mwenye macho hataona lolote. Lakini NVDA, ambayo huja na sauti za eSpeak NG zenye Kiswahili ndani yake, hutii tamko hilo: inaacha sauti ya Kiswahili na kuyasoma maneno kwa kanuni za matamshi ya Kiingereza. Irabu zinapinda, mkazo unahama kutoka silabi ya pili kutoka mwisho, na mtu aliyekulia Tanga au Lamu analazimika kuirudia sentensi mara tatu ili aielewe lugha yake mwenyewe. Dawa yake ni kubadili chaguo moja kwenye orodha. Tovuti yenye lugha mbili inahitaji zaidi: kila ukurasa utaje lugha yake, na nukuu ndefu ya Kiingereza iliyo ndani ya habari ya Kiswahili itambulishwe peke yake. Tovuti inayofanya hivyo imepita mikononi mwa mtu aliyewahi kuisikiliza.

Picha nazo hufichua mengi. Afrika Mashariki picha nyingi hufika ofisini kwa WhatsApp, zikiwa na majina ya mtindo wa IMG-20240312-WA0007. Mhariri anaipandisha ilivyo, haandiki maelezo mbadala, kisha anaifanya picha kuwa kiungo cha kufungulia habari. Programu ya kusoma skrini ikikuta kiungo kisicho na neno lolote ndani yake hutafuta chochote cha kutamka, na mara nyingi huangukia anwani au jina la faili, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu. WordPress ina visanduku vinne kando ya kila picha: maelezo mbadala, jina, maandishi ya chini ya picha, na ufafanuzi. Wahariri wengi hujaza cha jina na kuridhika. Kinachomfikia asiyeona ni kile cha kwanza.

Maelezo mazuri hufuata kazi ya picha. "Picha ya waziri" ni maelezo dhaifu. Programu imeshatangaza kuwa hiyo ni picha, na mawaziri ni wengi. "Waziri wa Maji akifungua bomba la kisima kipya mbele ya wanakijiji" inatosha. Grafu inahitaji takwimu zake zitajwe, ama kwenye maelezo hayo au kwenye aya iliyo jirani. Mstari wa maua uliowekwa kuwa pambo unastahili maelezo matupu kabisa, ili programu iupite bila kusema neno. Mkaguzi mchanga huandika hilo kuwa kosa, naye mzoefu hulihesabu kuwa dalili ya fundi aliyefikiri.

Kuna na mabango: tangazo zima la mkutano, tarehe, ukumbi, kiingilio na namba za simu, vyote vimechorwa ndani ya picha moja. Na kuna barua iliyochapwa kwenye kompyuta, ikatolewa kwenye karatasi, ikapigwa muhuri, ikapigwa skani na kupandishwa kuwa PDF. Maandishi yaliyokuwa hai yamegeuzwa picha, na programu ya kusoma skrini haipati hata herufi moja. Ofisi inayojali huandika tangazo la kazi kuwa ukurasa wa kawaida, na kuambatisha nakala yenye muhuri chini yake kwa anayeihitaji. Jambo hili moja linaweza kuamua nani anapata habari za nafasi ya kazi kwa wakati na nani anaomba asomewe na jirani.

Viungo havihitaji maneno mengi. NVDA hutoa orodha ya viungo vyote vya ukurasa kwa Insert na F7. Orodha yenye "Soma zaidi" kumi na mbili mfululizo haimwambii mtu chochote. Yenye vichwa vya habari vilivyo viungo vyenyewe inasomeka mara moja.

Rangi zina hesabu yake, na hapo macho ya mkaguzi hayatoshi. Daraja la AA linadai tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kijivu chenye namba 767676 juu ya nyeupe kinapata 4.54 na kupita. Kijivu cha 777777, ambacho jicho haliwezi kukitofautisha na cha kwanza, kinapata 4.48 na kuanguka. Maneno meupe "Wasiliana nasi" juu ya kijani cha WhatsApp, kitufe kinachoelea kwenye pembe ya tovuti nyingi za biashara ndogo, hayafiki hata 2 kwa 1. Kosa hili ndilo lililozagaa kuliko yote. Taasisi ya WebAIM ya Marekani, ambayo kila mwaka hupima kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja, iligundua mwaka 2025 kuwa asilimia 94.8 zilikuwa na makosa yanayotambulika kwa mashine, na asilimia 79.1 zilikuwa na maandishi hafifu. Anayesoma bei ya mbolea kwenye simu juani, macho yake yakiwa mazima, anaumizwa na kosa hilohilo. Akijaribu kukuza ukurasa kwa vidole viwili na ukurasa ukakataa, basi kuna fundi aliyeandika amri ya kuzuia ukuzaji, na hilo peke yake linatosha kuishusha tovuti daraja.

Baada ya kupima mbele ya pazia, mkaguzi anayestahili malipo yake huomba kuingia nyuma, kwenye dashibodi. Huko ndiko mifumo inakotofautiana kwelikweli. W3C ina mwongozo wa pili ambao wanunuzi wengi hawaujui, ATAG 2.0 wa mwaka 2015, unaohusu vyombo vya kuandikia maudhui. Unauliza maswali mawili: mtu mwenye ulemavu anaweza kukitumia chombo hiki kuandika? Na je, chombo kinamsaidia mwandishi yeyote kutoa kazi inayofikiwa na wote?

Kwa swali la pili, Drupal ilichukua msimamo mkali na mzuri. Tangu toleo la 8 la mwaka 2015, maelezo mbadala ya picha ni ya lazima isipokuwa msimamizi aondoe sharti hilo mwenyewe. Mhariri akiyaruka, fomu inagoma. Joomla 4.1, iliyotoka Februari 2022, ilileta kikaguzi kinachomwonyesha mwandishi makosa yake juu ya ukurasa anaouandaa, kabla haujachapishwa. WordPress ni laini zaidi: humwonya mhariri anapochanganya rangi zisizosomeka au anaporuka ngazi ya vichwa, lakini humruhusu kuendelea. Kwa ofisi yenye wahariri wengi na mafunzo machache, ulazima wa Drupal una thamani kubwa kuliko wepesi wa WordPress, na fundi mzuri wa WordPress hulijua hilo. Huongeza programu-jalizi ya kuzuia picha isiyo na maelezo, hupunguza orodha ya rangi hadi zile zilizopimwa, na huchagua mandhari yenye lebo ya utayari wa ufikivu, lebo ambayo haitolewi kwenye hazina rasmi ya WordPress mpaka mandhari yakaguliwe kwa kibodi, rangi, vichwa na fomu.

Swali la kwanza lina historia chungu. WordPress 5.0 ilipotolewa Desemba 2018 na mhariri wake mpya, Gutenberg, wengi waliotumia kibodi na programu za kusoma skrini walikuta chombo walichokizoea kimegeuka kuwa fumbo. Miezi miwili kabla, Rian Rietveld, aliyeongoza timu ya ufikivu ya WordPress, alijiuzulu na kueleza sababu zake hadharani. Ukaguzi huru ulikuja kufanywa mwaka 2019 kwa fedha zilizochangishwa na WPCampus, jumuiya ya watu wa vyuo wanaotumia mfumo huo, na matokeo yake yakawapa watengenezaji orodha ndefu ya kufanyia kazi. Mengi yamerekebishwa tangu wakati huo. Hata hivyo mnunuzi asikubali kuambiwa tu. Aombe mtu asiyeona aandike habari mbele yake, aweke picha, jedwali na kichwa, kisha achapishe.

Drupal nayo ina mandhari yake ya kawaida, Olivero, yaliyoanza na toleo la 9.1 mwaka 2020. Yamepewa jina la Rachel Olivero, mtaalamu asiyeona aliyefanya kazi katika Shirikisho la Kitaifa la Wasioona la Marekani na aliyekuwa mwanajumuiya wa Drupal hadi alipofariki mwaka 2019. Walioyabuni walilenga WCAG AA tangu mchoro wa kwanza, na ukiyapitia kwa Tab tofauti inahisika: menyu ndogo hufunguka kwa kitufe chake, hufungwa kwa Esc, na fremu ya mahali mtu alipo haipotei hata mara moja.

Dalili moja ya kazi mbovu hujitangaza yenyewe: kitufe cha duara chenye alama ya mtu, kinachofungua orodha ya "kuza maandishi", "badili rangi" na "soma kwa sauti". Huuzwa kwa ahadi kwamba mstari mmoja wa msimbo utaifanya tovuti yoyote itimize masharti yote. Mwaka 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliiamuru kampuni ya accessiBe ilipe dola milioni 1 kwa sababu ya madai ya namna hiyo. Asiyeona anayo programu yake tayari, ameizoea kwa miaka, na hahitaji ya pili inayopigania sauti na ya kwanza. Kitufe hicho hakiwezi kuandika maelezo ya picha ya kisima, wala kuirudishia uhai barua iliyopigwa skani. Fedha zake zingelipa mafunzo ya wahariri.

Mashine za ukaguzi zina nafasi yake, mradi mteja ajue mipaka yake. Zitasema kama sanduku la maelezo mbadala ni tupu. Haziwezi kuhakikisha kuwa maneno yaliyomo ni ya kweli. Ripoti ya alama 100 kutoka kwenye chombo cha bure, iliyobandikwa kwenye ankara ya fundi, ni mwanzo wa mazungumzo tu.

Sheria zimeanza kumpa mteja nguvu ya kudai. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unautaja mtandao wa intaneti katika Kifungu cha 9. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Kenya, kupitia shirika lake la viwango KEBS, ilitoa mwaka 2022 kiwango KS 2952 cha ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA. Mkataba wa ujenzi wa tovuti unaweza kutaja viwango hivi kwa majina na namba, pamoja na WCAG 2.2 AA, na kuweka sehemu ya malipo kando mpaka habari kumi za kwanza zilizoandikwa na wafanyakazi wenyewe zikaguliwe.

Kilichobaki ni taarifa ya ufikivu, ukurasa mdogo unaowekwa chini ya tovuti. Zile za kunakiliwa husema tovuti inajali watu wote na kuishia hapo. Taarifa ya fundi anayejiheshimu ina tarehe ya ukaguzi wa mwisho, daraja lililofikiwa, kasoro zinazojulikana ambazo hazijarekebishwa, na namba ya simu au barua pepe ya kuripoti tatizo. Mkaguzi huipiga namba hiyo kabla ya kusaini malipo ya mwisho.